Mto Uliogeuzwa na Masikio

Ukipenda, chongo huita kengeza. Wahenga walilisema hilo juu ya wapendanao, lakini linawahusu pia watafuta habari. Mwenye hamu kubwa ya jibu fulani hulisikia hata lisiposemwa. Kisa cha Richard Burton na John Speke, Waingereza waliofika Tabora mwishoni mwa mwaka 1857, ni onyo kwa kila mmoja wetu.

Siku hizo mahali hapa palijulikana kwa jina la Kaze, katika nchi ya Unyanyembe. Ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi, wafanyabiashara wa Kiarabu na watu wa pwani walikutana hapa wakabadilishana pembe, nguo na habari. Hakuna aliyekuwa ameiona nchi yote. Kila mmoja alijua kipande chake. Wanafalsafa wa maarifa wanatukumbusha kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua tumeyapata hivyo hivyo, kwa kuwaamini wenzetu waliotutangulia kufika.

Mtandao huo wa midomo ulikuwa na nguvu. Wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokuwa pwani, walikuwa wamekusanya masimulizi ya wasafiri wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Hapa Kaze, Sheikh Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Oman aliyekuwa amefika Buganda, aliwaeleza wageni kwamba maziwa ni mbalimbali. Speke alipoyafuata maelekezo hayo kwenda kaskazini, tarehe 3 Agosti 1858 aliliona ziwa ambalo alilipa jina la malkia wake, Victoria.

Lakini miezi michache kabla ya hapo, kwenye Ziwa Tanganyika, mtandao huohuo ulikuwa umezaa habari iliyopinduka. Burton alitamani sana kukipata chanzo cha mto Nile. Speke alivuka ziwa kwenda kuomba jahazi kwa Sheikh Hamed bin Sulayyim. Jahazi hakulipata, ila alirudi na habari tamu: kaskazini kuna mto mkubwa, Rusizi, unaotoka ziwani. Maneno ya Sheikh yalikuwa yamepita kwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa India, ambaye alimfasiria Speke kwa Kihindustani. Kisha Speke akamweleza Burton kwa Kiingereza.

Burton na Speke wakasafiri kwa mitumbwi hadi Uvira, kaskazini mwa ziwa, Aprili 1858. Wana wa mtawala wa huko, pamoja na watu wote waliokuwepo, wakasema kwa kauli moja: Rusizi unaingia ziwani. Bombay alipoulizwa alijibu kwamba Speke hakuelewa. Alisema Sheikh alitaja mto unaoingia. Akaongeza kwamba kwa maoni yake Sheikh mwenyewe hakuwahi kufika mbali kaskazini. Burton alisononeka mno. Wapiga makasia wao walikataa kusonga mbele, wakarudi bila kuuona mdomo wa mto.

Mtu angesema kosa lilikuwa la tafsiri, yakaisha. Lakini tazama yaliyofuata. Burton na Speke waligombana juu ya chanzo cha Nile, Speke akishikilia kuwa ni Ziwa Victoria, hadi Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala uliopangwa kati yao. Mwaka huohuo Burton alirudi kudai kwamba huenda Rusizi unatoka ziwani kwenda kaskazini. Safari hii hapakuwa na mkalimani wa kulaumiwa. Ushahidi wa Uvira alikuwa ameusikia na kuuandika mwenyewe, lakini alihitaji mto huo ili ampinge Speke. Novemba 1871 wasafiri Livingstone na Stanley walifika mdomoni mwa Rusizi wakauona ukiingia. Mwaka 1874 msafiri mwingine, Cameron, akaonyesha kwamba maji ya Tanganyika hutokea Lukuga, upande wa Kongo.

Mtaalamu wa nafsi Sigmund Freud alifundisha kwamba ulimi unapoteleza, mara nyingi hamu iliyofichika ndiyo imesema. Jacques Lacan, Mfaransa aliyemfuata, alikwenda mbali zaidi: msemaji hurudishiwa ujumbe wake mwenyewe na yule anayesema naye, ukiwa umepinduliwa. Burton aliipeleka hamu yake Uvira, akarudishiwa kinyume chake, naye akaikataa.

Hapa kwetu jambo hili limemwaga damu. Mtu aliyefiwa na mtoto huenda kwa mpiga ramli chonganishi akiwa tayari anamshuku jirani. Mpiga ramli humchunguza, humdadisi, kisha humrudishia shaka yake ikiwa na jina. Katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, wengine wakiponzwa na macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Muuaji aliamini amepewa habari, kumbe alipewa chuki yake mwenyewe.

Basi wewe unayeishi Ng'ambo hapa Tabora au popote pale, habari ikikufikia, iwe kwa mdomo wa jirani au kwa simu, jiulize mambo matatu. Aliyesema alifika na kuona? Imepita midomo mingapi hadi kwangu? Na mimi, natamani iwe kweli? Ukijibu ndiyo kwa swali la tatu, usiisambaze. Mtafute asiyekuwa na faida nayo, umuulize bila kumwonyesha jibu unalolitaka, na akisema kinyume cha moyo wako, mpe sikio la pili. Hamu ya Burton haikuugeuza mkondo wa Rusizi, lakini hamu ya mwenye panga inaweza kumuua mama asiye na hatia.