Kinachobaki Nyuma Vitabu Vikihama

Jengo la Maktaba ya Taifa ya Singapore lililokuwa Stamford Road lilifungwa tarehe 31 Machi 2004, likabomolewa, na handaki la magari la Fort Canning, lenye urefu wa mita 350 hivi, likapitishwa hapo na kufunguliwa Januari 2007. Vitabu havikupotea. Vilihamishiwa Victoria Street, kwenye jengo jipya la ghorofa 16 lililobuniwa na msanifu Ken Yeang, ambalo lilifunguliwa kwa wasomaji Julai 2005. Wakutubi waliendelea na kazi, kuazima kuliendelea kuwa bure, na taasisi ilibaki na jina lake. Kwa hesabu ya kawaida hakuna aliyenyang'anywa kitu. Hata hivyo, tangu habari za mpango huo zilipoanza kuenea mwishoni mwa 1998, barua za malalamiko zilimiminika magazetini, na watu ambao hawakuwa na mazoea ya kubishana na serikali yao hadharani walisimama kulitetea jengo. Hapo ndipo linapozuka swali: ikiwa vitabu, watumishi na huduma vyote vimesalimika, kilichopotea ni nini?

Jibu linalokuja upesi ni uzuri wa jengo, nalo ni dhaifu. Jengo hilo, lililofunguliwa na Yusof bin Ishak, mkuu wa dola wa Singapore wakati huo, tarehe 12 Novemba 1960, halikupokewa kwa shangwe na wajuzi wa usanifu. Matofali yake mekundu, ya mtindo uliopendwa Uingereza miaka ya 1950, yalisemwa hayapatani na jumba jeupe la makumbusho lililokuwa jirani. Miaka 40 baadaye wapanga miji waliirudia hoja hiyo karibu ilivyokuwa: jengo halina sifa za usanifu za kulifanya lihifadhiwe kama urithi wa taifa. Hoja hiyo inaweza kukubaliwa yote na suala likabaki palepale, kwa sababu waliolitetea jengo hawakuwa wakililia sura yake. Walizungumzia ngazi walizozikalia wakisubiriana, meza walizosomea mitihani, na vibanda vya chakula vilivyokuwa kando, ambako mtu aliyemaliza kusoma alishuka kula tambi kabla ya kupanda basi la kurudi kwao.

Ili kuona uzito wa mambo haya yanayoonekana madogo, inafaa kurudi kwenye asili ya jengo. Maktaba kuu ya mji wakati wa ukoloni, Raffles Library, ilikuwa ya wanachama waliolipa ada, na vitabu vyake vilikuwa hasa vya Kiingereza. Mwaka 1953 tajiri wa zao la mpira Lee Kong Chian aliahidi dola 375,000 kwa sharti kwamba maktaba mpya iwe ya bure kwa watu wote na iwe na vitabu vya lugha za wenyeji. Yeye mwenyewe aliweka jiwe la msingi mwaka 1957. Zawadi ya aina hii inafanana na wakfu: mali hutolewa, mtoaji huondoka, sharti husalia na kuwabana wanaofuata. Ila sharti hilo limeshikamana na nini hasa? Kama limeshikamana na huduma, basi Singapore imelitimiza, na haki yake isifichwe: vitabu vya Kichina, Kimalei na Kitamil vimo Victoria Street, na maktaba ya marejeo iliyomo humo imepewa jina la Lee Kong Chian.

Lakini huduma haikuwafikia watu ikielea hewani. Mwanafunzi wa miaka ya 1960 aliyetoka kwenye chumba kilichogawanywa kwa mapazia kati ya familia mbili alikuwa na sehemu chache sana katikati ya mji ambako angeweza kukaa mchana kutwa bila kununua kitu na bila mtu kumuuliza amemfuata nani. Sheria ilimwambia kuwa maktaba ni ya wote. Alichoamini ni kile kiti. Alikwenda mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili akijua mlango ulipo, na baada ya mwaka mmoja alipita hapo kama anayepita kwao. Imani ya namna hiyo hujengwa na marudio, na marudio yanahitaji mahali pasipohama. Haki ya kusoma bure inaweza kuhamishiwa mtaa mwingine kwa waraka mmoja wa serikali. Uhakika wa mtu kwamba haki hiyo ni yake hauna waraka wa kuuhamisha, na mara nyingi huanza upya kwa mtoto mwingine, katika mlango mwingine.

Kilichopotea Stamford Road, basi, ni muungano wa haki na mahali uliotengenezwa polepole na watumiaji wenyewe. Hakuna msanifu aliyeuchora wala waziri aliyeuzindua. Ndiyo maana haukuonekana katika mizani ya uamuzi. Faida ya handaki ina vipimo vyake: idadi ya magari, dakika zinazookolewa, foleni inayopungua katikati ya mji. Upande wa pili hauna kipimo, na hapa hutokea kosa la kimantiki ambalo mipango miji hulirudia kila mahali: kisichoandikwa tarakimu huingia kwenye hesabu kama sifuri. Kutokuwa na kipimo maana yake ni kwamba vitu viwili haviwezi kuwekwa kwenye mizani moja. Haimaanishi kwamba kimoja hakina uzito. Anayelazimika kuchagua kati ya vitu visivyolingana bado anaweza kuchagua kwa busara, ila anapaswa kujua kwamba anachofanya ni kutoa hukumu, na kwamba hukumu ina mwenyewe wa kuijibia. Jedwali haliwezi kujibia kwa niaba yake.

Januari 2000 msanifu Tay Kheng Soon alitoa mchoro mbadala ulioonyesha kwamba handaki lingeweza kupita njia nyingine na jengo likabaki. Machi mwaka huohuo, Waziri Mah Bow Tan alilieleza Bunge kwamba uamuzi wa kubomoa unabaki. Singapore ni nchi ndogo, ardhi yake ni adimu kuliko fedha, na hakuna aliye mkweli atakayedai kuwa kila jengo lililowahi kupendwa lina haki ya kusimama milele. Waliozaliwa jana nao wanahitaji barabara. Udhaifu wa uamuzi ule unahusu wakati wake, na jambo hili linaonekana wazi zaidi katika mji wa pili.

Birmingham, Uingereza, imewahi kubomoa maktaba zake kuu mbili katika muda wa miaka 40 hivi. Ya kwanza, kazi ya msanifu J. H. Chamberlain, ilifunguliwa mwaka 1882 baada ya moto wa 1879 kuteketeza iliyotangulia pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyo wake wa Shakespeare. Ilibomolewa mwaka 1974 kupisha barabara ya mzunguko. Iliyochukua nafasi yake, ya msanifu John Madin, ilifunguliwa mwaka huohuo: jengo la zege lililotanuka kadiri lilivyopanda, ambalo Charles, akiwa bado mrithi wa kiti cha ufalme, alilikejeli hadharani. Mwaka 2002 waliolithamini waliomba liwekwe kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, wakakataliwa. Mwaka 2009 English Heritage, wakati huo kikiwa chombo cha serikali chenye ujuzi wa mambo hayo, kilipendekeza lilindwe, na waziri akakataa tena. Maktaba ya tatu ilifunguliwa mwaka 2013 kwa gharama ya karibu pauni milioni 189, na ubomoaji wa ile ya Madin ukaanza Desemba 2015 ili kupisha majengo ya ofisi na biashara.

Maktaba ya Singapore ilidumu miaka 43, ya Madin 39. Kukaribiana kwa tarakimu hizo kuna maelezo. Jengo la umma lenye umri huo limeshapitwa na mtindo, na wakati huohuo halijawa la kale. Waliolijenga wameondoka madarakani. Waliolisomea utotoni ndio kwanza wanafika umri wa kusikilizwa, na watoto wao, ambao ndio wangelithibitisha jengo kuwa la vizazi, bado ni wadogo. Thamani inayotokana na matumizi huiva wakati huo tu, na ndio wakati mabomba yameanza kuvuja, nyaya zimechakaa, na kiwanja kimepanda bei. Kanuni za Uingereza zinalitambua jambo hili kwa kiasi fulani: kwa kawaida jengo lisilofikisha miaka 30 haliingizwi kwenye orodha ya urithi, kwa kuwa macho ya karibu mno hayaaminiki. Tahadhari hiyohiyo haijatumika upande wa pili, ingawa macho yanayodharau yana upungufu uleule wa macho yanayosifu. Maktaba ya Chamberlain ilibomolewa na kizazi kilichoona majengo ya karne ya 19 kuwa takataka, na leo kuna wengi Birmingham wanaohuzunika kwa hilo. Aliyesifu zege mwaka 1974 na aliyelichukia mwaka 2009 wote walihukumu mapema.

Miji yote miwili ilibakiza masalio. Singapore ilihifadhi nguzo mbili za lango, na baadhi ya matofali yakajengewa ukuta katika maktaba mpya. Birmingham ilihamisha chumba cha Shakespeare kilichobuniwa na Chamberlain, mbao zake zilizochongwa zikaunganishwa upya juu kabisa ya jengo la 2013. Ni vitu vizuri na ni bora vipo kuliko visingekuwapo. Ila tofali lililo ukutani kama ukumbusho haliketishi mtu yeyote, na kuhama kwenda kwenye jengo la kifahari hakuilindi huduma yenyewe: mwaka 2015, kabla ubomoaji haujaanza, saa za kufunguliwa kwa maktaba mpya ya Birmingham zilipunguzwa kutoka 73 hadi 40 kwa wiki kwa kukosa fedha.

Uamuzi wa kukataa kuilinda maktaba ya Madin mwaka 2009 ulifuatiwa na hati maalumu ambayo sheria ya Uingereza inaruhusu, inayomhakikishia mwenye jengo kwamba kwa miaka mitano halitaingizwa kwenye orodha ya urithi. Sababu yake inaeleweka, kwani hakuna mwekezaji atakayekopa fedha nyingi kwa mradi unaoweza kuzuiwa kesho. Msomaji hana hati ya upande wake. Kama ingekuwapo, angalau ingemhakikishia kuambiwa mapema, njia ya barabara ikiwa bado inaweza kupindishwa. Huko Singapore, mstari wa handaki ulikuwa umeshachorwa wananchi wengi walipopata habari, na mchoro wa Tay Kheng Soon ulifika mezani ukiwa pingamizi, wakati ungeweza kufika ukiwa pendekezo.