Maziwa ya Ndama Yatima

Asubuhi hii namkumbuka Daphne Sheldrick, mzaliwa wa Kenya aliyefariki Aprili 2018 akiwa na miaka 83.

Aliishi Tsavo Mashariki na mumewe David, mhifadhi wa kwanza wa mbuga hiyo, na nyumbani kwao wanyama yatima walikuwa kama wana wa nyumba. Ndama wa tembo anayenyonya ndiye aliyemtoa machozi. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe yalimdhuru ndama huyo. Daphne alijaribu hiki na kile miaka mingi, akizika huyu na yule, mpaka alipofikia maziwa ya kopo ya watoto yenye mafuta ya nazi. Nazi, hii hii ya jikoni kwetu!

Ndama mmoja yatima, Aisha, alinusurika kwa maziwa hayo. Kisha Daphne akasafiri kwa harusi ya bintiye; ndama akagoma kula, akafa kwa majonzi. Tangu hapo hakutaka ndama amzoee mtu mmoja. Katika kituo chake cha ndama yatima, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, walezi hupokezana hata usiku, wakilala banda moja na ndama. Njaa ikiuma, mkonga mdogo hunyooshwa gizani, ukamvuta mlezi blanketi.