Kinda la Njiwa na Wajibu wa Mfugaji

Kifo cha kinda la njiwa ni jambo dogo machoni pa watu wengi. Hapana baraza likutanalo kwa ajili yake, wala hapana jirani aendaye kumpa pole mwenye tundu. Lakini swali lizaliwalo na kifo hicho si dogo. Kiumbe dhaifu afapo kwa baridi, ni lini baridi peke yake ndiyo iliyomwua, na ni lini mtu ana sehemu yake katika mauti hayo?

Nchi ya Karatu na Ngorongoro yafaa kulipimia swali hili. Mji wa Karatu uko kadiri ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kasoko ya Ngorongoro hufika kiasi cha meta 2,300. Katika kipupwe, tangu Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi hupiga miteremko ya mashariki, ukungu hushuka, na usiku huwa mkali hata mtu mzima hujikunyata ndani ya blanketi. Njiwa wa kufugwa hangoji majira hayo yapite. Maadamu apata chakula, hutaga.

Hutaga mayai mawili, na dume na jike huyaatamia kwa zamu muda wa siku 17 au 18. Kinda huanguliwa kipofu, mwilini ana nyuzi chache za manjano, wala hana nguvu ya kujipatia joto la kumtosha. Uhai wake ni wa kuazima. Joto lake hutoka vifuani mwa wazazi, na chakula chake cha kwanza ni yale maziwa ya njiwa, uji mzito ufanyikao katika mfuko wa kooni, kwa baba na kwa mama vilevile. Likipita juma moja au zaidi kidogo, wazazi huanza kumwacha peke yake, na manyoya yake hayajatimia. Hapo usiku wa Julai huwa hukumu.

Wako wasemao kwamba hukumu hiyo ni ya maumbile, na kwamba dhaifu hufa ili hodari abaki. Hoja yao ina nguvu mahali pale, maana mwendo mfupi kutoka Karatu, ng'ambo ya Lango la Loduare, ndiyo kanuni ifuatwayo. Ngorongoro ilitengwa na Serengeti mwaka 1959 ikawa hifadhi yenye mamlaka yake. Mtoto wa swala akilala chini ya kasoko usiku wa baridi asiamke, hapana mlinzi wa wanyama alaumiwaye. Basi ikiwa upepo ni ule ule na udhaifu ni ule ule, kwa nini mfuga njiwa alaumiwe?

Jibu haliko langoni, kwa kuwa hifadhi hiyo hiyo ina Wamasai na mifugo yao. Usiku uingiapo, mama wa Kimasai huwaingiza nyumbani ndama na wana-mbuzi wachanga wapate joto karibu na watu, na nje ya boma mtoto wa pundamilia huachwa na bahati yake. Mama huyo hatendi mambo mawili yenye kupingana. Mwana-mbuzi yumo mkononi mwa mtu. Mwana wa pundamilia hayumo. Hata wanyama wa mwitu wa Tanzania, mmoja wao anapojeruhiwa na tanzi la waya la jangili, waganga wa wanyama huweza kumfungua na kumtibu. Mkono wa mtu ukiisha kuingia katika shida ya kiumbe, neno maumbile halitoshi tena kuwa udhuru.

Njiwa wa kufugwa ni uzao wa njiwa wa majabali. Huko jabalini mzazi alijichagulia ufa uliokingwa na upepo. Mfugaji amemwondolea uchaguzi huo, akampa sanduku ukutani, na upande lielekeao sanduku ni shauri la mfugaji. Aliyemfungia mwenzake njia zote akamwachia moja, huyo ni mdhamini wa njia ile moja.

Yupo atakayeuliza: kinda atachinjwa baada ya majuma manne au matano, huruma ya nini kwa kitoweo? Lakini mwisho wa kiumbe haufuti haki ya siku zake. Mfugaji amekusudia kuchukua nyama. Hakupewa ruhusa ya kuongeza mateso yasiyo na faida kwa yeyote. Kweli, haki hiyo ina mpaka. Mwenye makaa ya jiko moja na mtoto atetemekaye hawezi kudaiwa ampe njiwa moto kwanza.

Bahati njema, wajibu huu hauanzii motoni. Mtu akiamka alfajiri akamkuta kinda baridi kama jiwe, huruma humsukuma kumlisha upesi, na huruma hiyo huweza kuua, kwa maana chakula hakisagiki katika mwili uliopoa. Huchacha humo humo. Yapasa kumpasha joto polepole, ndipo alishwe. Hapo yaonekana kwamba wema usio na maarifa ni nusu ya wema. Tena hata maarifa hayo yamechelewa. Fundi wa kweli aligeuza mlango wa tundu usikabili kusi tangu Mei, akaweka nyasi kavu, akaziba mianya. Wahenga waliposema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta, yaelekea hawakumfikiria njiwa, lakini kwa njiwa ufa ni ufa hasa. Na asiye na mbao wala nyasi bado ana njia: atenge madume na majike mpaka kipupwe kipite, yasiwepo mayai ya kuangulia makinda asiyoweza kuwahifadhi.

Kwa hiyo kipimo cha mfugaji si machozi yake juu ya kinda aliyekakamaa. Machozi ni ya alfajiri, na wajibu ulikuwa wa mwezi uliotangulia. Anayemleta kiumbe duniani kwa faida yake humdai kiumbe huyo nyama. Naye kiumbe, kabla hajatoka yaini, humdai mtu mahali pa kuuvukia usiku.