Kimya cha Muuzaji

Mtu anayekwenda kununua gari lililokwisha kutumika hapa Dar es Salaam haendi peke yake. Huenda na fundi. Ukipita siku ya Jumamosi kwenye yadi za magari utawaona wawili wawili. Mmoja amevaa shati safi na uso wake una wasiwasi, kwa kuwa fedha za mfukoni ni akiba ya miaka. Mwingine ana mikono yenye oili na hasemi sana. Anainama, anachungulia chini, ananusa, anagonga mlango kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama daktari.

Mimi pia nilikwenda hivyo mwaka 1998, nilipotafuta gari la familia. Sikutaka gari la fahari. Nilitaka gari dogo la milango minne, lenye buti la kutosha gunia la mchele na mabegi ya watoto wa shule, lisilokunywa petroli kupita kiasi, na ambalo spea zake zinapatikana Kariakoo. Fundi wangu alikuwa na gereji yake chini ya mti huko Temeke, na yeye ndiye aliyenifundisha kulipima gari. Liangalie asubuhi, alisema, injini ikiwa ya baridi, kwa maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Fungua kifuniko cha oili na utazame upande wake wa ndani. Ukiona utando kama chai ya maziwa, ujue maji yamekutana na oili. Moshi wa bluu maana yake injini inaunguza oili. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto maana yake ni maji. Tazama raba ya pedali ya breki: ikiwa imelika mpaka chuma kinaonekana, na spidomita inakwambia gari limetembea kilomita 40,000 tu, basi mojawapo inasema uongo, na raba haijui kusema uongo.

Siku hizi wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza namba. Gari ni namba C au namba D? Msomaji anayeishi Kinondoni au Mbagala anaelewa bila kufafanuliwa. Lakini herufi ile huonyesha tu gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Haisemi lilitengenezwa lini, wala lilitembea vipi huko Japani kabla ya kupakiwa melini. Wenzetu wa Kenya wameweka mpaka, gari lililozidi miaka 8 haliingii. Sisi twaliruhusu kuingia na kulitoza ushuru wa uchakavu. Hivyo gari la namba mpya laweza kuwa mzee aliyevaa kanzu ya sikukuu. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hata hivyo, elimu ya fundi ina mwisho wake. Akishagonga, akishanusa, akishazunguka na gari mtaa mzima, bado kuna jambo asiloweza kulifikia, nalo ni lile analolijua muuzaji moyoni mwake. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo nimeishi nalo kwa miaka zaidi ya ishirini: je, muuzaji ana wajibu wa kusema jambo ambalo hakuulizwa?

Gari nililonunua lilikuwa Toyota Carina la mwaka 1990. Lilinitumikia vizuri. Kosa lilikuwa langu. Mwaka 2003 bomba la maji lilipasuka nikiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Mshale wa joto ulipanda nami nikauona, lakini nilikuwa na haraka, nikaendelea mpaka injini ikazimika yenyewe. Silinda hedi ikapinda. Fundi wangu akaifungua, ikapelekwa kuchongwa ili inyooke, akaweka gasketi mpya, na gari likawaka. Siku aliponikabidhi funguo aliniambia maneno machache: "Hedi hii haina nyama ya kuchongwa tena. Zunguka nalo hapa mjini. Usilipeleke milimani."

Mwaka uliofuata nililiuza. Aliyelinunua ni mwalimu mstaafu wa Mbagala, mtu mzima kunizidi kwa miaka kumi na zaidi, aliyekuwa amelipwa kiinua mgongo chake. Alikuja na fundi wake, kijana mwangalifu. Walilitazama asubuhi, injini ikiwa ya baridi, wakafungua vifuniko vyote. Hawakuona kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuona. Kazi ilikuwa imefanywa vizuri. Mwishoni mwalimu akanigeukia akaniuliza kwa upole, "Umeishi nalo vizuri, bwana mdogo?"

Nikamjibu, "Mwalimu, gari hili limenisomeshea watoto."

Maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Kila asubuhi kwa miaka sita lilikuwa limewapeleka watoto wangu shuleni. Mwalimu akatabasamu, tukaandikiana, akanihesabia shilingi 3,200,000.

Baada ya miezi minne alikuja nyumbani kwangu jioni, kwa miguu kutoka kituo cha daladala. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa. Hakugusa chai. Alinieleza kwamba dada yake alikuwa amefariki Lushoto. Aliwapakia mkewe na wajukuu wawili, wakapita Chalinze, Segera na Korogwe bila taabu. Walipoanza kupanda kutoka Mombo, kabla hawajafika Soni, gari likachemka na kuzimika. Walikaa kando ya barabara kwa saa nyingi, upande mmoja mlima na upande mwingine bonde. Walipopata usafiri na kufika, dada yake alikuwa amekwisha kuzikwa.

Kisha akaniuliza neno moja: "Ulijua?"

Nikasema, "Nilijua, mwalimu."

Alinyamaza kitambo. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kwamba angalijua, huenda angalilinunua vile vile, kwa bei ndogo zaidi, maana alilihitaji kwa safari za hapa mjini. Ila siku ile ya msiba angalipanda basi.

Nilirudisha gharama yote ya matengenezo, naye akaipokea. Lakini fedha ile haikufikia kile nilichokuwa nimechukua. Hapo awali nilidhani kwamba muuzaji asemapo nusu ya kweli humwibia mnunuzi fedha. Fedha ni sehemu ndogo. Nilichomnyang'anya mwalimu ni uamuzi wake. Nilimpa nafasi ya kuchagua, huku nikiwa nimekwisha kumchagulia. Na uamuzi haurudishwi kwa noti.

Wako watakaonitetea, na hoja zao si za kipuuzi. Watasema: alikuja na fundi, akalikagua gari apendavyo, hukumzuia. Biashara ni macho yako. Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza kuhusu uuzaji wa bidhaa, ambayo hapa kwetu ni Sura ya 214, nayo imejengwa juu ya wazo kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe, ingawa huweka masharti ya kumlinda katika hali fulani. Tena, watauliza, mpaka wa kusema uko wapi? Nitaje kila mkwaruzo? Niseme kwamba redio hukoroma wakati wa mvua? Muuzaji akitakiwa kuwa wakili wa mnunuzi, nani atauza?

Ubishi huu ni wa kale. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mroma aitwaye Cicero alimwandikia mwanawe kitabu juu ya wajibu, na ndani yake akaeleza mfano wa mfanyabiashara aliyetoka Alexandria na shehena ya nafaka kwenda kisiwa cha Rhodes, ambako kulikuwa na njaa. Njiani ameziona meli nyingine zinazoleta nafaka vilevile. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anawashindanisha wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anasema kunyamaza si kuficha. Mradi muuzaji hadanganyi na anatimiza sheria, halazimiki kusema kila jambo. Antipater, mwanafunzi wake, anajibu kwamba binadamu wamefungamana, na faida ya mmoja haiwezi kujengwa juu ya ujinga wa mwenziwe. Cicero mwenyewe anaegemea upande wa mwanafunzi. Kwake yeye, si kila kunyamaza ni kuficha. Kuficha ni pale unapotaka, kwa faida yako, wengine wasijue jambo unalolijua wewe na ambalo lingewafaa kulijua.

Kwetu pia jambo hili si geni. Muislamu yeyote aliyekaa madrasa amesikia habari za Mtume aliyeingiza mkono katika chungu la nafaka sokoni, akakuta juu pakavu na ndani pamelowa, akamkemea mwenye mali kwa kutoweka yaliyolowa juu watu wayaone. Mwenye mali hakuwa amesema uongo wowote. Alikuwa amepanga nafaka tu. Nami nilikuwa nimepanga maneno.

Wapo pia wachumi waliolitazama jambo hili bila kutaja dhambi. Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof aliandika makala maarufu juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Hoja yake ni nyepesi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kuzunguka yadi. Muuzaji anajua gari lake, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hukataa kulipa bei ya gari zuri; hulipa bei ya katikati, kwa kuogopa kupewa bovu. Mwenye gari zuri akiona bei hiyo hulirudisha nyumbani. Mwenye bovu hufurahi, akauza. Taratibu soko hubaki na mabovu. Kwa hiyo kimya changu hakikumwumiza mwalimu peke yake. Kilimwumiza pia mtu wa Tandika mwenye gari safi, ambaye kesho yake alisema ukweli na hakuna aliyemwamini.

Katika minada ya magari huko Japani, mkaguzi huandika karatasi ya hali ya gari na kulipa daraja, na gari lililowahi kugongwa likatengenezwa huwekewa alama ya kulitambulisha, mara nyingi herufi R. Gari hilo halizuiwi kuuzwa. Wapo wanaolitaka, na hulinunua kwa bei inayolingana nalo. Aibu yake imeandikwa, basi si mtego tena. Karatasi ile ikipotea njiani, au ikifichwa kwenye droo ya muuzaji, gari ni lile lile ila limegeuka kuwa kitu kingine.

Sasa nirudi kwenye swali la mpaka, maana ni swali la haki. Sidhani kwamba muuzaji analazimika kutaja kila kitu. Mkwaruzo mnunuzi anauona. Redio ataisikia akiiwasha. Bei ya petroli anaijua. Kipimo ninachokitumia sasa kina sehemu mbili. Kwanza, je, jambo hili mnunuzi mwangalifu, akiwa na fundi mwangalifu, aweza kuligundua? Pili, kama asipolijua, je, atalitumia gari kwa namna ambayo mimi, kwa kuwa najua, nisingethubutu kulitumia? Hedi ile ilikuwa ndani ya mpaka kwa sehemu zote mbili. Haikuonekana, na mimi mwenyewe nisingewapakia watoto wangu kupanda nalo Soni.

Kuhusu jibu langu la siku ile, sijitetei kwamba lilikuwa kweli. Uongo mtupu ungekuwa na adabu zaidi, kwa kuwa ungeweza kukanushwa. Mimi nilichukua jambo jema la maisha yangu, elimu ya watoto wangu, nikalitumia kufunika ufa.

Mwaka 2016 niliuza gari jingine. Safari hii niliketi nikaandika ukurasa mmoja kwa mkono: gia boksi huchelewa kuingiza gia ya tatu likiwa la baridi; mlango wa nyuma kushoto uligongwa na kunyooshwa; shokapu za mbele zimekaribia kufa. Dalali aliusoma akacheka, akaniambia, "Mzee, unauza gari au unatubu?" Mnunuzi wa kwanza aliusoma akaenda zake. Wa pili pia. Wa tatu, mama mmoja mwenye duka Mwananyamala, aliusoma mara mbili, akampa fundi wake, akaniuliza maswali matano ya maana, kisha akataja bei iliyokuwa chini ya matarajio yangu kwa zaidi ya shilingi laki tano. Nikakubali.

Siwezi kusema kwamba ukweli ulinilipa. Haukunilipa, nilipata hasara, na wakati ule fedha ile ilikuwa na kazi. Ila mama yule nakutana naye mara kwa mara sokoni, hunisalimu na kuniambia gari linaendeleaje, nami husikiliza bila kuogopa sentensi inayofuata.

Mwalimu amekwisha kufariki. Nilikwenda mazikoni Mbagala, nikawahi.