Kadi Moja au Mbili?

Ukiwa Kutulo, na baba ameuza ngamia ili upate kompyuta, je, utataka kadi moja ya picha yenye nguvu, au mbili za wastani? Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini mafahali wawili hawakai zizi moja. Mithali ipi ifuatwe? Itazame kazi. Mwaka 2004 Nvidia ilileta njia ya kuunganisha kadi mbili kuendesha mchezo mmoja. Umeme na joto vilizidi, kumbukumbu zao hazikujumlika, na kasi mara nyingi haikufika maradufu. Lakini kazi inayogawanyika, kama kuchora picha za filamu, kadi mbili huimaliza upesi. Basi wingi bila mapatano si nguvu. Pima haja yako kwanza. Ngamia aliyeuzwa harudi zizini.