Subira na Ajizi

Subira husifiwa na watu wote. Wazee huiusia, walimu huifundisha, na methali hutuambia kuwa huvuta heri. Lakini ipo hali nyingine ya moyo inayofanana na subira kama pacha afananavyo na mwenziwe, nayo si subira. Jina lake ni ajizi. Yafaa, ewe msomaji, tujifunze kuzitenga hali hizi mbili, maana anayezichanganya aweza kumdhuru mtu asiyeweza kujitetea hata kwa neno moja.

Mkulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Kenya hupanda mche, akangoja miaka ipatayo mitatu kabla ya kuchuma. Huyo ana subira. Lakini katika muda huo hakai kitako: hupalilia, hutia mbolea, hukagua majani, na akiona madoa ya ugonjwa hutafuta dawa upesi. Angalilala tu akisema kuwa mche utajikuza wenyewe, tungalimwita jina jingine.

Niliwahi kuwa jirani wa mama mmoja, mwuza viazi katika soko la Karatina, aliyejaliwa mapacha wa kiume. Walizaliwa kabla ya siku zao kutimia. Walipofika umri wa miaka miwili walicheza na kucheka, lakini hawakusema. Mkwewe alimwambia, "Ngoja, mwanangu, hata baba yao alichelewa." Wenzake sokoni walisema kuwa mapacha wana lugha yao wenyewe. Mmoja alizilaumu lugha tatu, Kikuyu cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na Kiingereza cha redioni. Mwingine alishauri uzi wa nyama ulio chini ya ndimi zao ukatwe.

Katika maneno hayo ukweli ulikuwapo, lakini haukuwa mzima. Ni kweli kwamba mapacha wengi huchelewa kidogo kusema. Wengi wao huzaliwa mapema, na kila mmoja hugawana na mwenziwe mazungumzo ya mama yao. Tena huigana matamshi yasiyokomaa, nasi tukadhani wamejitungia lugha. Lakini wingi wa lugha haumfanyi mtoto bubu, wala kisu hakimpi maneno mtoto asiyesikia.

Siku moja mama yule alikifungua kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ambacho yeye alikuwa akikitumia kwa chanjo tu. Alisoma humo hatua za ukuaji. Kwa kawaida mtoto hutamka neno la kwanza apatapo mwaka mmoja hivi, na akifika miaka miwili huunganisha maneno mawili. Akamwendea muuguzi, naye akamwelekeza Nyeri, watoto wakapimwe masikio. Ikaonekana kuwa mmoja alisikia vizuri, ila alichelewa tu. Wa pili alisikia kwa shida sana. Kimya kilikuwa kimoja, lakini sababu zilikuwa mbili. Na kwa kuwa watoto walifanana, aliyechelewa alikuwa amemficha asiyesikia.

Hapo ndipo ubaya wa ajizi unapoonekana. Mwenye subira hutumia muda wake mwenyewe. Mwenye ajizi hutumia muda wa mtoto. Miaka ya kwanza ndiyo ubongo unapoipokea lugha kwa wepesi kuliko wakati wowote. Mzazi akienda kupima na kukuta mtoto ni mzima, amepoteza nauli na siku moja ya soko. Asipokwenda, naye mtoto ana tatizo, hasara ni ya mtoto, wala hakuulizwa.

Wengine huzuiwa na aibu. Lakini nchi yetu ilianza kuweka vituo vya kuwapima watoto wa namna hii mwaka 1984, na mwaka 1986 ikaanzisha chuo cha kufundisha walimu wa elimu maalumu. Katiba ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Lugha isemwayo bungeni kwa mikono haiwezi kuwa aibu nyumbani.

Basi, ewe msomaji, ukiwa na mdogo wako aliyetimiza miaka miwili naye hajaunganisha maneno, usimcheke wala usimwite bubu. Waeleze wazazi kwa adabu kuwa yafaa apimwe. Kisha keti mbele yake, akuone uso. Mtajie kikombe anaposhika kikombe, na ng'ombe anapomtazama ng'ombe, halafu nyamaza kidogo umpe nafasi ya kujibu. Kama ni pacha, tenga saa ya kila mmoja peke yake, kwa kuwa hao ni watu wawili. Ukifanya hayo leo, kesho na keshokutwa bila kuchoka, ndipo utakapokuwa na haki ya kusema kuwa unasubiri.