Jina jema lina bei, mbona halimo vitabuni?

Ndugu msomaji, ingia katika ofisi ya mnunuzi wa dhahabu pale Katoro uhesabu mali yake. Utakuta mizani, meza, kasha la chuma na fedha za kununulia. Mhasibu akija kufunga hesabu za mwaka ataandika hivyo hivyo, basi. Lakini mchimbaji anayetoka duarani Rwamgasa na gramu zake tatu huzipita ofisi nne ili aifikie ya tano, kwa sababu huyu wa tano hapunji. Kutopunja huko ndiko kunakomlisha mnunuzi yule na wanawe, na ndiko kusikoandikwa popote.

Hili si la Katoro peke yake. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 38, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa 2004, kinaikataza kampuni kuingiza katika mizania jina la biashara ililojijengea yenyewe, au orodha ya wateja iliyojikusanyia. Fedha za kumfundisha mfanyakazi nazo huandikwa kuwa gharama, sawa na mafuta ya jenereta. Lakini kampuni hiyo hiyo ikinunuliwa na nyingine kwa bei inayozidi thamani ya mali zake, ile ziada huingia vitabuni mwa mnunuzi kwa jina la sifa njema ya biashara. Yaani uaminifu wa miaka ishirini ni sifuri mpaka siku utakapouzwa! Na sisi tumo, kwani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) iliamua tufuate viwango hivyo tangu mwaka 2004.

Hivi hii ni haki?

Waliotunga kanuni hiyo wana hoja, na sitaki kuwaonea. Ukimruhusu kila mwenye kampuni ajipangie bei ya jina lake, nani atajipunja? Katoro hiyo hiyo ingejaa waaminifu wa mabilioni. Wala kwetu Waislamu suala hili si geni. Bibi Khadija (r.a.) alipomkabidhi Mtume (s.a.w.) mali yake aende nayo Sham, hakutazama mtaji wa kijana yule, alitazama jina la Al-Amin. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Kuwait mwaka 1988, miaka kumi kabla ya kiwango namba 38, liliamua kuwa jina la biashara, alama yake, haki ya mtunzi na ya mvumbuzi ni haki zenye thamani ya mali, na zinaweza kuhamishwa kwa malipo, madhali hakuna utata wala udanganyifu. Wanazuoni waliikubali thamani, wakaogopa hadaa. Hapo wao na wahasibu wa London wanakutana.

Kinachonikera ni kwamba tahadhari hii haiwabani wote kwa kipimo kimoja. Tazama Bulyanhulu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa pale kuipisha kampuni yenye leseni, iliyokuwa mali ya Sutton Resources ya Canada. Mwaka 1999 Barrick ikainunua Sutton, wakati mgodi haujaanza kuzalisha. Uzalishaji ulianza 2001. Basi Barrick ilinunua nini? Kwa sehemu kubwa ilinunua haki iliyo kwenye karatasi na ujuzi wa kilichomo ardhini: leseni, ramani, majibu ya uchorongaji. Hakuna hata kimoja unachoweza kukipiga teke, lakini vina nafasi vitabuni. Kiwango cha IFRS namba 6 cha mwaka 2004 kinairuhusu kampuni kuziandika gharama za kutafuta madini kuwa mali. Mchimbaji aliyeujua mwamba ule kwa sururu yake hana pa kuandikiwa ujuzi wake, si kwa faida wala kwa fidia.

Halafu kuna jina baya, ambalo vitabu vimelinyamazia zaidi. Kampuni iliyokuja kuimiliki migodi hiyo iliandikishwa katika soko la hisa la London mwaka 2010, na mwaka 2014 ikajiita Acacia. Machi 2017 Serikali ikazuia makinikia yasisafirishwe nje, na Julai ikaidai kodi na faini zipatazo dola bilioni 190 (tarakimu ambayo mimi binafsi naiona kubwa mno). Bei ya hisa ikaporomoka. Dhahabu ilikuwa palepale ardhini na mitambo ni ileile. Kilichokwisha ni kuaminiana na wenye nchi, na mwanahisa aliyesoma mizania peke yake asingeweza kukiona kikipungua mwaka hadi mwaka. Barrick ilipoichukua Acacia yote mwaka 2019, ilikubali kulipa dola milioni 300 na Serikali ikapata asilimia 16 katika Twiga Minerals. Naweza kusema sehemu ya malipo hayo ilikuwa bei ya kuinunua upya imani.

Juhudi za kimataifa zipo. Mwaka 2007 uliundwa mtandao wa WICI, uliokutanisha taasisi za Ulaya, Marekani na Japani ili kampuni zieleze mali zao zisizoshikika kwa namna moja. Mwaka 2024 Bodi ya Kimataifa ya Viwango vya Uhasibu nayo ilianza kukipitia upya kiwango namba 38 chote. Yanayozungumzwa sana humo ni data, programu za kompyuta na mali nyingine za kisasa. Nani atawatajia duara?

Mimi siombi tarakimu ya uaminifu katika mizania. Naomba taarifa inayokaguliwa: malalamiko mangapi ya wanakijiji yamepokelewa na mangapi yamemalizwa, kesi ngapi za ardhi zimo mahakamani, Watanzania wangapi wamefundishwa kazi na wangapi wamebaki. Tangu tuingie katika mpango wa EITI mwaka 2009 tumejifunza kulinganisha kampuni inachosema imelipa na Serikali inachosema imepokea. Kuhesabu malalamiko si kugumu kuliko hapo. NBAA ina haki ya kuandika barua London kama bodi ya nchi nyingine yoyote, na kabla ya kuiandika ingefaa maofisa wake wafike Geita na Katoro, wawasikilize na wasio na leseni.